Salamu ya Mkono Ndani ya Pamba

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nilikuwepo, mzani niliushika mimi mwenyewe, na chumvi sikuongeza hata punje.

Ilikuwa kijijini kwetu Kasoli, miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia na malori yao. Kituo chetu cha ushirika kilibaki na foleni tu. Foleni yenyewe ilikuwa ndefu hadi kuku alitaga juu ya mzigo, akaatamia, na vifaranga wakapimwa pamoja na pamba.

Siku moja mama Nyanjige, mkulima wetu wa miaka mingi, alijitwika mzigo wake akaelekea kwa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara.

"Mama, unatukimbia?" Mihayo, mkuu wa kituo, alimuuliza.

"Sikimbii, baba. Nimechoka. Kwenu napima, naambiwa pamba chafu, narudi kuchambua, napanga foleni upya. Kwani mimi ng'ombe wa plau, nizungushwe tu?"

Wakubwa wa ushirika walishamwambia Mihayo: wakulima wakiendelea kuondoka, kituo kinafungwa.

Benedikta, katibu wetu, alichota jivu akachora kwenye sakafu ya ghala. Binti yule alikuwa na kichwa, acheni nimsifu. Kisanduku: mkulima anafika. Mshale. Salamu. Mshale. Mzani. Kisha akachora umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha.

"Hapa pana swali," alisema. "Pamba ni safi? Ndiyo, mkulima aende kulipwa. Hapana..." Akavuta mshale mrefu hadi nyuma kabisa ya foleni. "Hii ni chati mtiririko. Inaonyesha kazi inavyotembea. Tumechora ilivyo, si tunavyotaka iwe."

Mihayo aliinama. "Kumbe tunapima kwanza, ndipo tunakagua?"

"Ndivyo. Swali lihamie getini, kabla ya mzani."

"Na salamu tuifute. Inakula muda."

"Baba, Kasoli hii ufute salamu? Utabaki unapima upepo."

Alisema kweli. Kwetu huwezi kusema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, ukaishia hapo. Lazima uulize watoto, ng'ombe, mvua na wakwe. Basi Benedikta akaunganisha salamu na swali kuwa kisanduku kimoja. Mkaguzi alisimama getini, mdomo unasalimia, mkono uko ndani ya mzigo unachunguza pamba.

"Mwangaluka, mama. Ng'ombe hawajambo? Huku chini kuna majani makavu. Kaa hapo kivulini uyatoe."

Aliyefika kwenye mzani hakurudishwa tena. Nyanjige alisikia, akaja. Wenzake wakamfuata, na kituo hakikufungwa. Kazi ilikwenda mbio hadi Nyanjige alimaliza kuuza kabla hajatoka nyumbani.

Nilipomsomea Benedikta maandishi haya, alinikatiza hapo hapo.

"Mzee, kabla hajatoka nyumbani?"

"Ni namna ya kusema."

"Hii ni ya watu wanaojifunza kusoma. Watakuamini. Andika ukweli."

Haya. Alifika asubuhi, akawahi kwake kupika chakula cha mchana.

Kwa uongo huo nimetozwa sinia zima la matobolwa, viazi vyetu vitamu vya kukausha. Benedikta na Nyanjige wanayatafuna sasa hivi, nami sijaonjeshwa.