Mama Aliyesema Mwanawe Ni Mzima

Kila alasiri Yaa Birago na mwanawe Anane walitwanga fufu, viazi vikuu vilivyochemshwa. Anane alishika mchi, mama akageuza donge kinuni. Mchi ulishuka, mkono ukawa umeshatoka. Hawakuwahi kuumizana.

Kisha Anane akaanza kusikia sauti. Akaacha kulala, akaacha kuoga. Siku moja aliingia soko la mji wa Techiman, Ghana, akachukua viazi vikuu vya watu na kuwagawia wapita njia. Alisema chifu ndiye aliyemtuma. Polisi wakamkamata kwa wizi.

Mahakamani, hakimu alimuuliza mama kama kijana ana maradhi yoyote. Yaa Birago akamkumbuka binti yake Fosua, aliyekuwa ameposwa. Ukoo wa mchumba ulikuwa bado unachunguza, na nyumba yenye wazimu haiposwi. Wizi mtu huuacha. Wazimu, watu husema, hurithiwa.

"Ni mzima," alijibu. "Ukaidi tu."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Hapa aliyeumbuka ni mtoto. Baada ya miezi minne ya mahabusu akingoja kesi, mama alimkuta mifupa mitupu, sikio moja limeharibiwa kwa kipigo. Anane hakumtambua. Yaa Birago alilia njia nzima, maana alijua nani aliyemfunga.

Jirani yake Dufie, muuguzi wa afya ya akili, alipomuuliza habari za Anane, safari hii mama hakuficha kitu.

"Mama Anane, huu ni ugonjwa, na dawa ipo," Dufie alisema. "Hakimu anaweza kuagiza apimwe, atibiwe hospitali badala ya kuozea gerezani. Lakini atajuaje usipomwambia?"

"Na Fosua je?"

"Fosua yuko nje, anakula. Anane je?"

Walikwenda pamoja mahakamani. Yaa Birago alisimama mbele ya watu, akasema kweli yote. Anane alipimwa, kesi ikafungwa, akapelekwa hospitali. Wiki ileile posa ya Fosua ikavunjika.

Sasa Anane yuko nyumbani. Kila mwezi Dufie humdunga sindano, na amemwonya asiikose hata akijiona amepona. Sauti zimenyamaza. Lile sikio halisikii tena.

Jana alishika mchi, mama akageuza. Katikati ya kutwanga, Anane aliuacha mchi juu.

"Mama, siku ile hakimu alipokuuliza, mbona ulisema mimi mzima?"

Mkono wa Yaa Birago ulibaki kinuni. Anane akamwambia taratibu autoe mkono, asije akamuumiza.