Mama wa Pointi Mia Tano

Majirani zangu, nawasimulia jambo hili bila kumtaja mtu jina, maana bwana mwenyewe bado anapita mbele ya kibanda changu cha cherehani na tunasalimiana. Wanaomjua wamekwisha kumjua. Wasiomjua wajitazame wao kwanza.

Kila asubuhi nilikuwa nasikia fimbo ikigonga lami: ko, ko, kimya kidogo, ko. Huyo alikuwa mama yake Injinia, yuko kwenye zoezi lake. Alikuwa amepasuliwa nyonga, na daktari alimwambia wazi kwamba asipotembea kila siku mguu utakauka, na ukikauka hakuna wa kuubembeleza. Basi mama anatoka getini, anampita muuza magazeti, anafika kwangu, anapumzika kwenye benchi. Hapo atanitania kwamba mishono yangu imepinda kuliko mguu wake, kisha anarudi. Mtaa ulikuwa umetulia, na hata madereva walikuwa wamemzoea, wanasimama wenyewe akivuka.

Mwanawe, ambaye mtaa mzima tunamwita Injinia, alikuwa mtengenezaji wa michezo ya video. Walikuwa watu kumi na wawili pamoja na bosi katika chumba kimoja kirefu, mapazia yamefungwa mchana kutwa, kila mtu na skrini yake. Mwaka ule walikuwa wanatengeneza mchezo wa mashindano ya magari, lakini si wa kuwahi utepe tu. Dereva alipata pointi kwa kugonga watu njiani. Bosi wao aliamua kwamba bibi kizee ndiye awe na pointi nyingi kuliko wote, kwa sababu watu watachukia, wakichukia watausema mchezo, na ukisemwa utanunuliwa.

Kazi ya Injinia ilikuwa mwendo, yaani kuwafanya watu wa kwenye skrini watembee kama watu. Bosi alilalamika kwamba bibi wao anatembea kama kabati linalosukumwa. Ndipo Injinia akakumbuka kwamba nyumbani kwake yuko bibi wa kweli.

Jumamosi moja akaleta kamera, akambandika mama yake vidoti vyeupe vya kuisaidia kamera kufuata mwendo, mabegani, nyongani na magotini, akamwomba atembee ukumbini, aende na kurudi. Mama akatembea dakika ishirini nzima, jasho linamtoka, uso umejaa furaha kwamba kazi ya mwanawe inamhitaji. Akauliza huo ni mchezo gani. Injinia akamjibu kuwa ni wa magari, mambo ya usalama barabarani. Mama akauliza kama watoto watajifunza kusimama mzee akivuka, naye akasema ndiyo, kitu kama hicho. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeianza huwa haoni mwisho wake.

Wiki ile mama alifika kwenye benchi langu mara mbili kwa siku. Alinieleza habari ya vidoti kama mtu aliyepewa cheo.

Mchezo ulipotoka, kelele zikawa nyingi. Walimu walilalamika, wazazi wakapiga simu redioni, bosi akachekelea. Injinia alituambia kuwa ni mchezo tu, hakuna aliyeumia. Kama wanaoucheza hugeuka wauaji sijui, mimi ni mshonaji, siwezi kusema nisilolijua. Nitasema nililoliona.

Jumapili moja alasiri nilikwenda kwao kupeleka gauni. Mama alikuwa ananyanyuka kwenda kuchukua maji. Mjukuu wake, binti wa miaka tisa ambaye alikuwa amejifunza mchezo ule kwa rafiki yake, akacheka akasema, "Mia tano huyo anapita."

Bibi akamuuliza mia tano ni nini. Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Akaiwasha kompyuta ya baba yake, akatuonyesha.

Ulikuwa mtaa wetu; waliupiga picha lini, sijui. Lilikuwepo geti lao, kilikuwepo kibanda changu, na mimi mwenyewe nimeinamia cherehani. Nilikuwa pointi mia moja. Muuza magazeti alikuwa mia na hamsini, na nakiri kwamba hilo liliniuma kabla ya mengine yote. Kisha getini akatoka bibi na fimbo yake. Ko, ko, kimya kidogo, ko.

"Huyo ni mimi," mama akasema.

Gari likaja. Sitaeleza zaidi. Nilipogeuka, Injinia alikuwa amesimama mlangoni na hatujui aliingia saa ngapi.

"Mbona hakuna hata gari moja linalosimama?" mama akamuuliza.

"Mama, si wewe. Ni mwendo wako tu."

"Mwendo huu nimeutafuta mwaka mzima kwa maumivu," akasema polepole. "Nikakupa kwa kuwa ni wewe uliyeomba. Ningejua ni wa kazi hii, ningekaa."

Akakaa. Na tangu siku ile akawa mtu wa kukaa. Asubuhi zilipita sisikii fimbo. Nilipokwenda kumwona aliniambia kwamba kila akisimama anaona kama kuna mtu anamhesabu. Wiki ya nne mkewe Injinia, ambaye ni muuguzi, aliukunja ule mguu, ukafika nusu ukagoma. Akamwambia mumewe, "Wewe ndiye uliyemkalisha. Usitafute mtu mwingine wa kumsimamisha."

Injinia akaenda kwa bosi kuomba mama yake aondolewe kwenye mchezo. Na bosi hakubisha hata kidogo. Alimkaribisha kiti, akamwambia hilo ni jepesi, litakwisha wiki hiyo hiyo. Kisha akachukua kalamu akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Sasa tuweke mama wa nani?"

Injinia alinisimulia haya akiwa kwenye benchi langu. Alisema aliwatazama wenzake kumi mle chumbani, na kila mmoja akainamia skrini yake. Wote walikuwa na mama. Alitafuta jibu akalikosa, akachukua koti lake akaondoka. Mchezo ule bado unauzwa, na bibi bado anavuka humo, na mwendo ni wa mama wa mtu mwingine. Yeye sasa anatengeneza kompyuta mbovu kwenye chumba kidogo karibu na muuza magazeti.

Jioni ya siku ile aliyoacha kazi alimwambia mama yake kila kitu, pamoja na uwongo wa usalama barabarani. Akamwomba watembee. Mama akachukua fimbo yake, akasema, "Tangulia mbele. Usinitazame."

Basi ndivyo wanavyokwenda hadi leo. Injinia mbele, mgongo kwa mama yake, anafuatisha hatua zake kwa kusikiliza fimbo. Wakifika pa kuvukia anaingia barabarani yeye kwanza, anainua mkono, magari yanasimama. Mguu haukurudi kama zamani. Mama anaishia kwa muuza magazeti, kwangu hafiki tena, kwa hiyo mimi ndiye ninayebeba kigoda kumfuata.

FUNZO

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Injinia hakuwa mkatili, bali alikuwa hodari wa kazi ambayo hakutaka kuitazama usoni, na aliposhindwa kuieleza kwa mama yake akaifunika kwa uwongo. Wazazi, kaeni na watoto wenu mwone wanacheza nini, nanyi mnaotengeneza vitu vya kuchezewa na watoto wa wenzenu, vichezeni kwanza mbele ya mama zenu. Na kama siku moja utaulizwa tuweke mama wa nani, ukakosa wa kumtaja, kazi hiyo iache.