Mate ya Bibi Maud

Kila siku baada ya shule Nell alipitia kwa Bibi Maud, mama wa baba yake, wakalisha kuku kisha wakanywa chai. Siku ile chai ilichelewa. Watafiti wa vinasaba walitaka mate ya wazee ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa katika vijiji vya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na mtu hakuruhusiwa kunywa chochote nusu saa kabla ya kutema.

"Nusu saa bila chai! Wanataka kuniua hawa," Bibi alilalama, akatema mpaka kichupa kikajaa. "Sasa watajua sisi ni Waanglo-Saksoni hasa, tuliovuka bahari miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Mama yangu hakuchoka kuniambia."

Bibi alipotoka kuwafungia kuku, Nell alikichezea kile kichupa. Kikamponyoka, mate yote yakaishia kwenye sinki. Akatema ya kwake, akafunga kifuniko, akanyamaza.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu. Karibu nusu ya asili ya Bibi, yalisema, ilitoka Wales, si Suffolk. Nell alijua sababu: Carys, mama mzazi wa Nell, alikuwa mtu wa Wales. Bibi hakujua kwamba mate yaliyopimwa yalikuwa ya Nell.

"Kumbe yule mzee aliyenilea hakuwa baba yangu," alisema taratibu. "Mama alinidanganya maisha yangu yote."

Tangu hapo hakupeleka tena maua kaburini kwa mama yake. Chai yake ilipoa mezani. Kila siku Nell alikuja amejiandaa kusema, na kila siku aliondoka bila kusema. Aliona aibu, na aliogopa.

Jumapili moja alikuta fremu tupu ukutani.

"Bibi, picha ya mama yako iko wapi?"

"Nimeichoma. Sitaki kumwona."

Hapakuwa na picha nyingine. Nell akaangua kilio, akasema yote. Bibi akapiga magoti mbele ya jiko, akaanza kupekua majivu kwa vidole. Hakupata kitu.

"Ungesema siku ile ningekufokea kidogo, tukaomba kichupa kingine, yakaisha," alisema bila kugeuka. "Kumwaga si kitu, mjukuu wangu. Ulinyamaza, nami nikamtukana mama yangu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka."

Jioni walikwenda makaburini na maua. Bibi aliyaweka, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie wewe," alimwambia Nell. Nell akasogea karibu na jiwe, akaanza kueleza tangu mwanzo.