Kikombe Kimoja cha Wazee Wawili

Mvua ikianza Cimpunda, baridi haina huruma kwa wazee. Papa Aloys alikaa karibu na mbabula ya makaa, koti mwilini, na bado miguu yake ilikuwa baridi. Binti yake Bulonza akamuhurumia. Akamnunulia sokoni dawa ya Wachina, mizizi ya kuchemsha kama chai.

"Papa, hii inatia wazee joto na nguvu."

Lakini Papa Aloys hakuzoea kunywa peke yake. Tangu ndoa, alikunywa nusu ya kikombe, na bibi yake, Marie-Louise, akamaliza.

"Maliza, maman. Sisi wote tumezeeka."

"Ee, muzee! Unataka nirudie usichana?" Akacheka, akamaliza. Ikawa hivyo kila siku.

Masikini! Mama Marie-Louise alikuwa na ugonjwa wa tension, presha ya damu. Kila asubuhi alimeza kidonge cha hospitali. Alipojisikia na nguvu kidogo, akaacha vidonge. Miguu ikamvimba. Kichwa kikamuuma. Siku moja, wakitoka misa, mdomo ukapinda, mkono ukalegea. Walimkimbiza hospitali, lakini alikufa.

Kilio kilipoisha, jirani yao Rosette, infirmière mwenye kutunza wagonjwa, akaomba kuona ile dawa. Akainusa na kuionja.

"Humu muko muzizi mutamu, réglisse. Unaweza kupandisha tension."

Bulonza akalia. "Maman Rosette, si ni mizizi tu? Ni mimi nilimuua mama?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna mwenye kujua kama ni hii. Lakini kuacha vidonge ilikuwa hatari, na kuongeza hii pia. Hata muzizi ni dawa. Dawa ya mutu mumoja, mwingine asiikunywe. Na kama mutu anameza vidonge, mutuonyeshe muzizi ao majani kwanza. Na Papa mwenye baridi, mulishamupima?"

Hawakuwa wamempima. Kwenye kituo cha afya walikuta damu yake imepunguka. Wakamtibu. Bulonza akampikia maharagwe, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa sambaza, akamnunulia soksi nzito. Siku hizi hakuna dawa inayoingia nyumbani kabla Rosette hajaiona.

Polepole miguu ya Papa Aloys ikapata joto.

Jioni moja Bulonza alimletea chai. Muzee akakunywa nusu, akanyoosha kikombe upande wa kiti cha bibi yake. Mkono ukabaki pale.

"Miguu imepata joto," alisema. "Sasa nimuambie nani?"

Bulonza akakaa kwenye kile kiti. Akapokea kikombe, akamaliza chai huku akilia.