Laptopu Tatu, Moyo Mmoja

"Nyeusi betri yake inakaa saa sita," Nirajan alisema. "Nyeupe inakaa tano, lakini kibodi yake pana kidogo."

"Na ya bluu?" Pabitra aliuliza, na jibu alikuwa nalo kichwani.

"Ya bluu ni kama nyeusi, ila kamera yake bado sijaielewa."

Muuza duka akapiga miayo. Wiki nzima wapenzi hawa walikuwa wanakuja dukani kwake, New Road, Kathmandu, wanashikashika vilaptopu vilevile vitatu, wanaondoka mikono mitupu. Pabitra alikuwa hoi. Ijumaa anapanda ndege kwenda kusomea uuguzi Osaka, na chuo kinataka kila mwanafunzi aje na kompyuta yake. Tena kuhani alishampa saa njema ya safari: leo, saa nane mchana. Saa hiyo begi lake lazima litoke kwao likalazwe nyumba nyingine, ndipo safari ihesabike imeanza kwa heri.

"Kaka, hizi zina tofauti gani?"

"Rangi tu, dada yangu."

"Umesikia, Nirajan?"

"Wauzaji hao. Mwezi ujao inatoka nyingine, bora tu..."

"Mwezi ujao niko Osaka. Hivi una akili timamu wewe?"

Umeme ukakatika, mgawo kama kawaida, na duka lenyewe halina dirisha. Muuzaji akaenda kutafuta mshumaa.

"Ukishanunua, unaondoka," Nirajan alisema gizani. "Umeshafungasha kila kitu. Imebaki hii tu."

Pabitra hakujua acheke au amzabe kofi. Miaka yote hiyo ya mapenzi, mwanaume hajatuma mshenga. Mara anangoja kupandishwa cheo, mara dada yake aolewe kwanza.

"Kwa hiyo unanizungusha na mambo ya betri? Ungesema 'nakupenda, nitakuoa', ungekufa?"

"Niliogopa utakataa."

"Mimi nimechoka, Nirajan. Nimechoka kabisa."

Muuzaji aliporudi na mshumaa, Pabitra akalipia nyeusi. Simu ikaita, ujumbe wa mama yake: "Uko wapi? Mjomba wako anasubiri begi."

Akajibu: "Naja kulichukua. Ila haliendi kwa mjomba."

Saa nane juu ya alama akatoka kwao na begi, akaupita mlango wa mjomba bila kugeuka. Nirajan alimfuata nyuma akihema.

"Pabi, huku ni kwetu."

"Najua."

Mama yake Nirajan ndiye aliyefungua mlango. Pabitra akainama, akamgusa miguu kwa heshima.

"Mama, naomba safari yangu ianzie hapa. Na nikimaliza masomo, nirudi hapa. Nikimsubiri mwanao achague, tutazeeka."

Mama akamtazama binti, akatazama begi, kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe unasemaje?"

Safari hii Nirajan hakujiumauma.

"Namtaka huyu, mama. Sitaki mwingine."

"Sasa umesimama hapo unangoja nini? Mpokee mkwe wangu begi."