Friji ya Chanjo na Kanuni Zangu Sita

Saini ilikuwa yangu. Mkono haukuwa wangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye stoo ya dawa, fomu ya friji ya chanjo mkononi. Jumapili asubuhi, nyuzi nne. Jumapili jioni, nyuzi nne. Mbele yake jina langu, na ule mkia wa herufi ya mwisho umepindwa kama ninavyoupinda mwenyewe.

Ndugu msomaji, Jumapili sikukanyaga kazini. Zamu ilikuwa yangu, lakini msimamizi wa stoo ni dada yangu wa tumbo moja, naye aliniambia, "Pumzika, nitakushikia."

Nikabonyeza kipimajoto. Chetu hukumbuka joto la juu kabisa ambalo friji ilifikia.

Kumi na tisa.

Chanjo haitakiwi kuvuka nane...

Nje, akina mama walishaanza kupanga foleni, watoto mgongoni.

"Dada, umenisainia uongo," nikamwambia alipoingia.

"Shusha sauti."

"Watoto watachomwa maji matupu."

"Kanuni, nimesema shusha sauti."

Kanuni ndilo jina nililobandikwa pale. Tangu nimalize chuo nasoma vitabu vya kujijenga, vile vinavyopangwa chini kando ya barabara, majalada yamechakaa. Kila kitabu nachota kanuni moja, naiandika, naibandika ndani ya mlango wa kabati. Zilikuwa zimefika sita. Wenzangu walinicheka hadi basi.

"Kanuni, leo kitabu kimekuruhusu kwenda msalani?"

Nilicheka nao. Lakini miaka miwili bila kazi, ni vitabu hivyo vilivyonitoa kitandani kila asubuhi. Sitavikana.

"Naenda kwa mfamasia mkuu," nikamwambia dada.

Akasimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Jumamosi nani alifunga stoo?"

"Mimi."

"Kabla ya kutoka ulifanya nini?"

Nikaanza kuipitia Jumamosi ile kichwani.

Wiki ile nilikuwa nimebandika kanuni ya sita: zima kila kisicho na kazi. Jumamosi nikapita nikizima kama mwenye nyumba. Feni. Kompyuta. Taa. Na swichi moja nyuma ya kabati, ambayo sikujua inapeleka umeme wapi.

"Nimekuja Jumapili nimeikuta imezimwa," dada akasema. "Nikaiwasha, nikajaza fomu. Mdogo wangu, kazi hii nilikuombea mwaka mzima. Mama akisikia umeharibu chanjo ya mtaa mzima, utamwambia nini?"

Nilikuja kumkamata mkosaji, kumbe nimemvalisha viatu vyangu asubuhi ile ile.

Niambieni ninyi mnaosoma, mngefanya nini? Nikinyamaza, kazi ipo, dada yuko salama, mama analala usingizi wake. Mtoto wa mtu ndiye atakayeugua mwakani, na hakuna atakayejua kwa nini.

Lakini juu kabisa ya mlango wangu wa kabati, kutoka kitabu cha kwanza kabisa, kuna hii: kosa lako liseme wewe, kabla hawajalisema wengine.

"Dada, naomba nipite."

"Ukipita hapo mimi si dada yako."

"Utabaki dada yangu. Naomba nipite."

Nikapita.

Chanjo ikazuiwa. Akina mama wakaambiwa warudi Alhamisi; wakanung'unika, wakaondoka. Mimi nilifukuzwa kabla ya saa sita. Dada alivuliwa usimamizi, na mpaka leo simu zangu hapokei. Hilo linaniuma, sitajifanya haliniumi.

Wenzangu bado wanasema, "Vitabu vimemlia kazi."

Sawa. Kanuni moja niliimeza bila kutafuna, ikaniponza. Nyingine ilinishika miguu isikimbie. Aliyejikata kwa kisu hatupi visu vyote vya nyumbani akaanza kumenya viazi kwa meno. Nitaendelea kusoma, na anayetaka kucheka acheke.

Ila jana nimebandika kanuni ya saba, na hii sikuikuta katika kitabu chochote:

Kabla hujazima, fuata waya mpaka mwisho wake.