Benchi Lililotetemeka

Haya alinisimulia mjukuu wangu Gesine, Jumapili ile ya tamasha, tukisubiri keki ya tufaha ipoe.

Kila siku baada ya shule Gesine, mwenye miaka kumi na miwili, alipanda ngazi za kanisa hadi kwenye kinanda kikubwa cha mabomba. Alijiandaa kupiga kwenye tamasha sehemu ya mwisho ya sonata, utungo mrefu wa kinanda wa karne ya kumi na tisa. Katikati yake mikono hunyamaza, na miguu hukimbia peke yake juu ya pedali, vile vibao vya chini vya kinanda.

"Miguu yako bado mifupi," alisema Mwalimu Tetzlaff. "Chukua wimbo mwepesi. Huu utaupiga mwakani."

"Sichukui mwingine."

"Basi kila siku fanya miguu tu, polepole."

Jannik, mwanafunzi mwenzake aliyemfunulia kurasa za muziki, alicheka. "Miguu yenyewe inaning'inia kama soseji buchani. We piga kwa mkono wa kushoto. Huku juu nani atakuona? Watu wote huko chini watakuwa wametugeuzia mgongo."

Mkono ulikuwa mwepesi. Gesine akafanya hivyo.

Zilipobaki siku sita, Mwalimu aliketi kwenye benchi la waumini kule chini kusikiliza. Kisha akapanda, akihema.

"Ile sehemu ya miguu umeipiga kwa kutumia nini?"

"Kwa miguu."

"Gesine, pedali zikiamsha yale mabomba marefu, benchi hutetemeka chini ya mtu. Langu limetulia tuli. Jina lako nalitoa kwenye orodha ya tamasha."

Machozi yalimlenga, akayameza. "Nimedanganya, Mwalimu. Lakini usilitoe. Jumamosi kaa palepale. Benchi likitulia tena, jina nitalifuta mwenyewe."

Mwalimu akageukia ngazi. "Jumamosi, basi."

Gesine akashusha kiti cha kinanda ili miguu ifike, akavaa viatu vyake vya ngozi laini. Kisigino, kidole, kisigino. Alikosea, akarudia, mapaja yakawaka moto.

"Utajivunja bure," Jannik alisema.

"Funua kurasa, nyamaza."

Jumamosi, Gesine alipomaliza kupiga, Mwalimu alipanda akiwa na kitabu cha nyimbo mkononi. "Hiki kilikuwa juu ya benchi, kimetikisika mpaka kikaanguka," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Macho ya watu utayakwepa, lakini kazi isiyofanywa hujitangaza yenyewe. Ungengoja mwakani, nisingekulaumu. Ukaidi wako ni mzuri, ila uelekeze kwenye kazi, si kwenye hila."

Jumapili hata mimi, nikiwa nimeketi kanisani, niliusikia mtetemo ule mgongoni.

Keki ilipopoa nilimkatia kipande, nikageuka. Gesine alikuwa amelala kwenye kochi, viatu vya kinanda bado miguuni.